Dirisha Linabaki

Babu yangu mzaa baba alifika Gisenyi kutoka Ujiji na mabunda ya kaniki, na maneno mengi kuliko kaniki. Biashara ilipomkubali akajenga nyumba ya mawe meusi ya volkano, kuta nne nene, kila ukuta na dirisha lake. Katika ukoo wetu kila anayesimulia habari hiyo huisimulia kwa fahari. Mimi huisimulia kwa hasira, kwa sababu mtu akijenga kuta nne imara mahali ambapo wenzake wote wanajenga kwa miti na udongo, amewajengea na wao, ila hajaambiwa bado.

Mtaani kwetu, huku nyuma ya soko njia ya kuelekea mpakani, watu hawakuanza kwa kupimiwa viwanja. Walianza kwa kuegemea. Mtu anayetafuta mahali pa kulala huangalia nani ana ukuta mzuri, kisha hufika asubuhi na kilo ya sukari na mche wa sabuni. Atakaa, atawasalimia wote nyumbani, atawaulizia hata waliokwisha kufa, ndipo aseme amekuja kuomba ukuta. Ukikubali, atatoboa matundu juu ya ukuta wako, atapachika boriti zake, atashusha mabati upande wake na kuzungusha kuta tatu za udongo. Hapo naye ana nyumba ya kuta nne kama wewe.

Sheria zake hazijaandikwa popote, lakini hata mlevi anazijua. Ukuta ni wa mwenyewe. Mabati na mlango ni vya aliyeegemea, na siku akihama ataondoka navyo na kuziba matundu kwa udongo. Maji ya mvua ni yake pia, ayakinge kwenye pipa au yamfuate kitandani, shauri yake. Na mtu akikuletea sukari na sabuni huwezi kumkatalia, labda uwe na ukuta mbovu au roho mbovu, na hakuna anayependa watu waanze kujiuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Ubaya wa kuegemewa ni dirisha. Huwezi kuwa na dirisha linalochungulia chumba cha mtu, kwa hiyo kila ukuta ulioegemewa dirisha lake linazibwa kwa mawe. Babu alitoa ukuta wa kwanza kwa mchukuzi aliyembebea mizigo yake, na chumba cha kulala kikaingia giza. Baba akatoa wa pili kwa mchinjaji, sebule ikaingia giza. Baba alipofariki, mama akatoa wa tatu kwa familia iliyoteremka kutoka Busasamana na magunia ya viazi, na tukaanza kuwasha taa saa sita mchana kutafuta kijiko. Walioegemea nao wakaegemewa, na hao wakaegemewa, mpaka nyumba ya babu ikawa kama kokwa ya parachichi: ipo katikati, ngumu, na hakuna anayeiona.

Vichochoro vyetu navyo havikuchorwa na mtu. Mabati ya huyu yanamwaga maji huku, ya yule yanamwaga maji kule, katikati panabaki upenyo ambao hakuna anayetaka kuweka kitanda. Hapo ndipo tunapopita. Ndiyo maana njia zetu zina kona nyingi kama maelezo ya mwizi, na ndiyo maana dereva wa pikipiki akisikia unakokwenda hukushusha kwenye lami na kukutakia heri. Mgeni tunamwelekeza hivi: pita kwa muuza sambaza mpaka harufu ya samaki iishe, ikianza harufu ya ngozi mbichi geuka kushoto, ukisikia watu wanagombana umefika kwetu.

Aliwahi kuja bwana mmoja wa ramani, na picha yetu iliyopigwa kutoka angani. Alitazama picha, akatutazama, akatazama picha tena. Huko juu tulionekana bati moja tu, kubwa, lenye viraka. Akamuuliza mama hangari hii ni ya nani.

"Inategemea, mutoto wangu," mama akamjibu. "Kama unagawa kitu, iko yangu. Kama unataka kodi, iko ya ule baba pale." Akamwonyesha mchinjaji.

Wenzetu wa Nengo, kule karibu na ziwa, hawana shida hizi. Kila nyumba imesimama peke yake katikati ya majani yaliyokatwa, na juu ya ukuta wa ua wamepanda vipande vya chupa. Nimewashonea mapazia watu wa Nengo. Ni mapazia makubwa sana, ya kuficha madirisha makubwa sana, yasiyochunguliwa na mtu yeyote.

Mimi mwenyewe niliolewa Kigoma, nikakaa huko miaka mingi. Ndoa iliponishinda nikarudi kwa mama na cherehani, na Kiswahili ambacho majirani wanakiita cha redio, na hasira ambayo wao wanasema nilikuwa nayo hata kabla ya kuondoka. Nilipofika, dirisha lilikuwa limebaki moja. Lilikuwa kwenye ukuta wa nne, ule wenye mlango wetu, unaotazama kichochoro, na ukiinama kidogo siku isiyo na mawingu uliona ncha ya mlima. Nikaweka cherehani chini yake. Mwanga wa dirisha hilo ndio ulionilisha mimi na mama. Sindano haitungwi kwa imani.

Mama alikuwa na kiti chake pembeni ya cherehani. Miguu ilikuwa imeanza kumgomea, msikiti ukawa mbali, soko likawa mbali, hata bomba likawa mbali. Kwa hiyo alikaa hapo akitazama wapitao na kutoa hukumu. "Ule anatembea kama mutu mwenye amekula peke yake." "Ule amenunua viatu kubwa ili wakumbuke jina yake." Mara nyingine aliyesemwa alisikia, akarudi dirishani kujitetea, na wakamaliza saa nzima wakibishana. Mama alistarehe.

Nilitangaza mapema kwamba dirisha hili halitolewi. Nilitangaza bombani, ambako habari hupewa miguu, na nikairudia kwa sauti kwenye harusi mbili. Anayetaka kuegemea akaegemee kanisa, akaegemee msikiti, akaegemee mlima. Hapa pameisha.

Kisha ikaja ile miezi ardhi ilipokuwa ikitetemeka kila mara, vikombe vinacheza kabatini, na kuta za watu zikapasuka. Kuta za babu hazikupata hata ufa. Nilitamani zipate hata mmoja, wa kuonyesha watu, kwa sababu nilijua kinachokuja.

Alikuja mwanamke wa vitunguu. Tulimfahamu kwa kumwona tu, alikuwa akipita kichochoroni kila alfajiri na beseni kichwani, kwenda kuvuka barrière ndogo, kizuizi cha mpakani, akauze Goma upande wa Congo. Chumba alichokuwa amepanga kilikuwa kimepasuka kutoka juu hadi chini. Mimi sikuona uso wake kwanza. Niliona pakiti ya sukari inapita dirishani kwangu, na nyuma yake mche wa sabuni, nikajua yamenifika.

"Salama, dada. Mama iko?"

"Mama amelala," nikasema.

"Mi silale," mama akaita kutoka kitini, hatua moja kutoka niliposimama. "Ingia, mutoto wangu. Nini hiyo umebeba?"

Anauliza, na tangu azaliwe hajapata kukosea pakiti ya sukari.

Mwanamke akakaa. Akamsalimia mama, akanisalimia mimi, akaulizia babu ambaye mifupa yake imekuwa udongo. Kisha akasema chumba chake kimepasuka, mvua inakaribia, na ameuzunguka mtaa wote. "Kuta zingine zote ziko na watu. Mi najua hapa iko dirisha ya dada. Lakini nimekosa pengine."

"Ukuta huo ndio kazi yangu," nikasema. "Mnataka nishonee wapi? Kaburini?"

"Kaburini hakuna wateja," mama akasema, bila hata kunitazama.

Alikuwa anamtazama yule mwanamke, na alimtazama muda mrefu. Niliogopa. Namjua mama. Hajui kusema hapana mbele ya sukari, na niliona mwanga wangu unaondoka hivi hivi, kilo moja, mche mmoja.

"Ukuta nakupatia," akasema. "Lakini dirisha inabaki."

Hakuna aliyeelewa. Mwanamke akauliza kwa adabu, "Inabaki aje, bibi? Itakuwa inaangalia ndani kwangu."

"Bon. Na mi nitaangalia ndani kwako. Huku njiani watu wote nimemaliza kuwaona."

Katika historia yote ya kuegemea kwetu jambo hilo halikuwahi kutokea. Dirisha katikati ya vyumba viwili vya watu wasio ndugu! Nilisema ni aibu. Nilisema Kigoma wangecheka. Nilipoona nimeshindwa nikafanya anachofanya kila aliyeshindwa, nikaweka masharti. Nikadai juu ya dirisha langu, upande wake, aweke bati la plastiki, lile linalopitisha mwanga, tena jipya. Nilitumaini atakata tamaa. Akaenda akalitafuta, akalileta akiwa amelikunja mgongoni kama mtoto.

Mabati yalipopanda, kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, alifika, kwa sababu siku hizi hujengi bila ruhusa hata kibanda cha kuku. Mama alimwambia kile si chumba, ni jiko lake.

"Jiko liko na kitanda, bibi?"

"Mi ni muzee. Nikipika nachoka."

Kiongozi akatazama dirisha, akatazama kitanda, akamtazama mama, akasema atarudi. Hajarudi. Nadhani alihofia kupewa kazi ya kuonja.

Basi tukaanza kuishi na dirisha linaloangalia chumba cha mtu, na chumba cha mtu kinachoangalia cherehani yangu. Kwanza nilifunga pazia zito, nikalifungua kwa kazi tu, na nikamnunia yule mwanamke kwa bidii. Kununa ni kazi ngumu kwa mtu ambaye unamsikia akitafuna. Alikuwa mlokole, akiomba alfajiri kwa sauti ya kusikika mpaka Goma, na mama upande wa huku akamwitikia amina baada ya kila ombi, akiwa kwenye mswala wake. Nilimwambia mama hiyo si dua yetu. Akasema hajaona dua yenye bati lake.

Vitunguu ndivyo vilivyonitoa roho. Magunia alikuwa akiyaweka chini ya dirisha, na harufu ikapanda ikaingia kwenye kila nilichoshona. Nilimshonea bibi harusi mmoja gauni la kupendeza sana, na siku ya sherehe shangazi zake walimkumbatia wakitokwa na machozi. Watu wakasema ndoa hiyo imebarikiwa. Mama yake aliniletea gauni siku ya pili akaniambia ninuse.

Na lile bati la plastiki, ambalo nililidai mwenyewe kwa kinywa changu, lilikuwa na rangi ya kijani. Mwanga wake ulifika mezani umechakachuliwa. Nikashona suti ya damu ya mzee kwa uzi wa kahawia, mteja akaivaa juani akaonekana amebandikwa viraka. Nilikaa nikalia. Niliona nimeporwa jicho, na yule mwanamke aliniona nikilia, maana angenikosa vipi.

Asubuhi iliyofuata aligonga fremu ya dirisha kwa kidole, kabla hajaenda mpakani. "Dada, nipatie hizo uzi."

"Za nini?"

"Nipatie tu."

Nikampa vigurudumu vitatu vya uzi. Akatoka navyo hadi mlangoni kwake, kwenye mwanga wa kweli, akatenganisha wa kahawia na mweusi kwa Kifaransa cha Goma, akipaza sauti: "Hii iko marron! Hii iko noire! Hii... dada, hii haiko kitu, tupa!" Kesho yake akafanya vilevile, na kesho yake. Ikawa desturi. Kabla ya beseni kupanda kichwani ananyoosha mkono dirishani, mimi namkabidhi uzi, yeye anatangazia mtaa mzima rangi za nguo za wateja wangu. Nikaacha kununa. Sikuacha kwa wema, niliacha kwa sababu haiwezekani kumnunia mtu anayekusomea uzi.

Lakini aliyefaidi kuliko wote ni mama. Alikuwa haamki vizuri siku hizo, miguu inauma, siku inaanza bila haja naye. Sasa akapata kazi. Mwanamke wa vitunguu alikuwa na usingizi wa jiwe, na mara mbili alichelewa mpakani akakuta wateja wake wameshanunua kwa wengine. Mama akajitwika hilo. Adhana ikilia tu, anajikokota mpaka dirishani, anainua pazia, anapiga kelele kama kondakta: "Barrière imefunguka! Amuka! Congo inangojea vitunguu!" Barrière ilikuwa haijafunguliwa hata kidogo. Mwanamke anaruka, anagonga sufuria, anaanza kuomba na kuvaa kwa pamoja. Jioni anarudi na habari za Goma, na mama anazipokea zote kwa mikono miwili: bei, ugomvi, nani ameoa nani, askari gani mkorofi. Maharage ya upande ule yalionjwa upande huu. Ramadhani futari ilipita dirishani kwenda, Krismasi pilau ikapita kuja. Mama alinenepa. Majirani wakawa wanamwona anavyocheka wakasema amepakwa dawa.

Ikawa hivyo mpaka siku mwanamke wa vitunguu alipokuja kwa mlango. Sisi alikuwa akizungumza nasi dirishani, mlango ulikuwa wa watu baki, kwa hiyo nilipomwona amesimama mlangoni nikajua kuna jambo. Alikuwa amepata kiwanja Rugerero, kwenye vile viwanja vilivyopimwa kwa kamba, barabara imenyooka, kila mtu na kuta zake nne. Amejenga polepole bila kutuambia, akiogopa kutaja jambo kabla halijakamilika. Sasa limekamilika.

Mama akambariki. Akamwambia mtu akipata kuta nne asilale kwenye tatu. Alisema vizuri sana, bila hata kukohoa.

Siku ya kuhama aliteremsha mabati yake moja moja, akang'oa mlango, akavunja kuta zake za udongo na kuusawazisha mchanga, akaziba matundu ya boriti kwa udongo aliokanda mwenyewe, akaulainisha kwa kiganja. Hakuacha hata tundu la msumari. Bati la plastiki aliliondoa mwisho, na mwanga ukaanguka mezani pangu kama zamani. Mweupe. Uzi mweusi ulikuwa mweusi na wa kahawia ulikuwa wa kahawia. Kichochoro kilikuwepo, mtaro ulikuwepo, mbuzi wa mchinjaji alikuwepo, na nikiinama niliona ncha ya mlima.

Nilikuwa nimeshinda. Nilivuta cherehani karibu zaidi, nikashona siku hiyo kuliko siku yoyote ya mwaka, na nilipoinua kichwa nikaona mama amegeuza kiti.

Alikuwa ameketi akilipa dirisha mgongo, akitazama ukuta wa ndani, pale lilipozibwa dirisha la mchinjaji.

"Upepo," akasema. "Iko upepo mingi."

Upepo haukuwepo. Nilimgeuzia kiti, akakigeuza tena. Watu walipita kichochoroni na matembezi ya ajabu, na viatu vya ajabu zaidi, hakutoa hukumu hata moja. Chakula akakionja na kukiacha. Na alfajiri, adhana ilipolia, nilimsikia akijikokota hadi dirishani. Nikasikia pazia. Nikasikia akivuta pumzi ya kupigia kelele, akaanza, "Barriè...", kisha akaliachia pazia. Akarudi kitandani taratibu, akiwa anadhani nimelala. Iliniuma. Ndugu zangu, nimeachwa na mume na haikuniuma vile.

Nilivumilia kwa muda, nikifikiri atazoea. Hakuzoea. Alizidi kuwa mpole, na mama akiwa mpole ni mgonjwa. Ndipo asubuhi moja nikaenda dukani nikanunua kilo ya sukari na mche wa sabuni. Mwenye duka akaniangalia, akaangalia mzigo, akauliza, "Mwenye kuta nne unaenda kuomba nini?" Nikamwambia achunge duka lake.

Kweli ilikuwa kichekesho. Tangu babu afike na kaniki zake, hakuna wa nyumba yetu aliyewahi kubeba sukari ile kwenda kwa mtu. Sisi ni wa kuletewa. Sasa mimi, niliyetangaza bombani na kwenye harusi mbili, nilikuwa napanda pikipiki kwenda Rugerero kumwomba mtu aje aniegemee.

Huko nilipotea. Mtaani kwetu sijapata kupotea hata gizani, lakini Rugerero barabara zimenyooka, nyumba zote ni mapacha, na hakuna hata harufu ya kukuelekeza. Niliuliza, wakaniambia mtaa wa tatu, nyumba ya tano. Nikahesabu vibaya. Nikabisha kwa watu wawili wasionijua, na wa pili alidhani nauza sabuni. Mwishowe nikasimama, nikanyanyua pua, na upepo ukanihurumia ukaniletea vitunguu.

Mwanamke wa vitunguu alinikumbatia nusura anivunje. Nyumba yake ni nzuri, nasema kweli. Kuta za matofali, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo. Akanikalisha, akamuulizia mama, akawaulizia mbuzi na mchinjaji, akaulizia babu. Kisha macho yake yakaangukia sukari na sabuni nilizoweka mezani. Akanitazama. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

"Dada. Mwenye ukuta anakuya kuomba?"

"Mama anakufa kwa mwanga," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. "Amegeuza kiti. Hana wa kumwamsha."

Kicheko kikamtoka usoni. Alikaa ameshika pakiti ile ya sukari magotini. Nikaendelea kusema, haraka haraka, kwamba atajenga apendavyo, plastiki au asiweke plastiki, vitunguu alete vyote, alete shamba zima.

"Mi siwezi kurudi, dada," akasema polepole. "Kuya uone."

Akanipeleka chumba cha ndani. Kulikuwa na dirisha na pazia lenye maua, na kwenye nyumba iliyopimwa kwa kamba dirisha hilo lingepaswa kuonyesha ua wa jirani na anga. Akalivuta pazia. Upande wa pili kulikuwa na chumba. Msichana mwenye mimba kubwa alikuwa amekaa kitandani akimenya ndizi, na mabati mapya juu yake yalikuwa yamepachikwa kwenye ukuta wa rafiki yangu.

"Salama, mama," msichana akanisalimia, kana kwamba watu humwotea dirishani kila siku.

"Alikosa pa kulala," mwanamke wa vitunguu akaninong'oneza. "Mugeni hapa, hajui kitu. Hata hakujua kuomba ukuta. Alikuja mikono mitupu, analia tu. Nikamwambia hapana, sisi hatufanye hivyo. Enda kwanza ulete sukari na sabuni."

"Na kiongozi wa hapa? Viwanja vimepimwa!"

"Nilimwambia iko jiko."

Msichana akanyoosha mkono dirishani, akanipa ndizi. Nikaila nimesimama.

Nilirudi nyumbani na sukari yangu na sabuni yangu. Mama alikuwa pale pale, mgongo kwa dirisha, na bawa lake moja nilikuwa nimelifunga kwa sababu ya ule upepo wake. Nikamsimulia yote: kupotea, harufu, kilio changu cha bila mpango, pazia lenye maua, msichana, jiko. Alisikiliza bila kugeuka. Nikadhani nimemuumiza zaidi. Kisha nikaona mabega yanatikisika, kiti kikaanza kulia, na mama akacheka kama alivyokuwa akicheka habari za Goma, mpaka akashika mbavu.

"Donc nimejenga mpaka Rugerero," akasema.

"Umeharibu mpaka Rugerero," nikamwambia.

Akanyoosha mkono nimpe sukari. Akaipima kiganjani, akanirudishia. "Hii usifungue. Siku moja atakuya mutu hana hata sukari, ataogopa kuingia. Utamupatia na dirisha, azunguke na mulango atuletee."

"Ile yetu wenyewe?"

"Na sabuni. Sasa geuza hii kiti. Na fungua dirisha yote, watu wenye kupita waone iko ukuta."

Nikageuza kiti. Nikalifungua bawa lile lililofungwa, nikasogeza cherehani pembeni ili isizibe. Mwanga ulioingia ulikuwa ule ule niliougombania, mweupe, ukajaa chumba chote hadi kwenye pembe. Ulikuwa mwingi mno kwa watu wawili.